Chagua Vitu Viwili

Ripoti mpya ina visanduku viwili
na kati yake alama ya kutoa,
kijistari kifupi kama uzi uliokatwa kwa meno.
Chagua cha kwanza. Chagua cha pili.
Cha tatu kitajijaza chenyewe.

Fundi aliyetuletea kutoka Mombasa alikaa siku mbili,
akala mkate wa mofa, akalalamikia joto, akatufunza:
“Angalieni mpangilio. Mkianza na kidogo mkatoa kikubwa
mtapata hasi, na kompyuta haijakosea, mmekosea nyinyi.”
Bwana Famau akaandika kiganjani:
kikubwa kwanza.

Tangu siku hiyo ofisi ya maji ni watoto na kioo.
Langoni toa Mkomani.
Hoteli toa msikiti
(hapo Famau alifunga mlango kabla ya kusoma jibu).
Mwanatumu wa risiti alichagua nyumba yake
na ya mke mwenzake,
akalitazama jibu, akanyamaza hadi adhuhuri,
akanywa maji glasi tatu.

Mimi nilingoja watoke kwenda kusali.

Akaunti 0417, Mtamuini.
Machi, yuniti kumi na moja: mama yu hai,
anakosha mchele mara tatu
kwa kuwa mara mbili ni uvivu.
Aprili, kumi na tisa.
Aprili toa Machi, nane.
Nane ni masufuria ya pilau, ni miguu ya wageni,
ni maji ya kumkosha,
ambayo sisi hatukuyapima
na mita iliyapima.

Mei, mzee yuko peke yake.
Nilitarajia sita, pengine tano:
mtu mmoja, sahani moja, kanzu mbili kwa wiki.
Machi toa Mei.
Sifuri.

Nikageuza. Mei toa Machi.
Sifuri haina mbele wala nyuma,
haijali kikubwa kimekaa wapi.

“Mita imekwama,” Famau akasema nyuma ya bega langu,
“au bomba linavuja. Mtume Lali na spana.”
Nikamwambia nitakwenda mwenyewe.

Baba alikuwa uani, kikoi amekikunja magotini,
na chini ya mfereji ndoo mbili,
nyekundu na ya bluu.
Nyekundu ilipojaa akaisogeza.
Ya bluu ikajaa.
Nikainama niinyanyue nimsaidie.
“Iwate hiyo. Mai hayo ni ya mamako.”

Hakusema kwa huzuni.
Alisema kama mtu anayekuonyesha
kipo wapi kibiriti.
Jioni huyamwagia mkilua, yote, kata kwa kata,
na alfajiri ndoo ni tupu,
na ndoo tupu sharti ijazwe.

Nilichuchumaa nikaisoma mita.
Kigurudumu chake chekundu kilizunguka vizuri,
mfereji ulipofungwa kikatulia.
Hapana kilichokwama. Hapana kinachovuja,
labda mimi, kidogo, nikiwa nimewapa mgongo
mita na baba.

Darasa la pili tuliambiwa kutoa ni kupunguza:
una maembe matano, umetoa mawili, yamebaki mangapi?
Nyumbani tuliambiwa kutoa ni moyo.
Miaka thelathini nimeyatumia kama maneno mawili,
moja la daftari, moja la mlangoni akija maskini,
wala sikuwahi kuyaweka
kwenye visanduku viwili.

Asubuhi nimeifungua tena ripoti.
Chini kabisa kuna mstari: Sababu ya tofauti.
Fundi alisisitiza usiachwe mtupu.
Nilikuwa nayo tayari, nimeitunga njiani,
maneno machache, ya kiofisi, yasiyomwaibisha mtu.
Nikabofya. Haukufunguka.
Nikabofya tena.

Tofauti ikiwa sifuri
programu haiulizi sababu.