Figo Haina Methali

Nilikuwa namwogesha, Jumatano, maji ya uvuguvugu,
karai la bluu uani kwetu Kibokoni.
Povu likashuka tumboni, mkono ukafuata povu,
ukakwama.
Upande wa kushoto. Kitu kigumu, kimetulia,
kama chungwa ndani ya foronya.
Yeye anacheka, anapiga maji kwa viganja.
Hakuumia hata kidogo. Hilo ndilo lililonitisha baadaye.

Bi Swabra wa chumba cha pili: minyoo hiyo.
Mamangu kwa simu, Kisauni: jicho, wameyasifu mno mashavu yake.
Shangazi alikuwa njiani na mafuta ya nyonyo, aje amkande,
na ni Mungu tu aliyemchelewesha kwenye kivuko cha Likoni.

Makadara: picha, damu, picha tena.
Kisha karatasi juu ya kitanda, kalamu nyekundu,
mwandiko wa nesi Dzame:
TUMBO HILI LISIBONYEZWE.
Mkono wangu ulioligundua
ukawa wa kwanza kukatazwa.

Daktari Mwakio akasema: saratani ya figo. Ya watoto. Ni nadra.
Nikaitika: naam, yuko hapa.
Maana Nadra ndilo jina tulilompa,
baada ya mimba tatu zisizofika.
Akanyamaza. Akafunika kalamu yake.
Akaanza upya, polepole, bila neno lile.

Mimi huuza maharagwe ya nazi na mahamri.
Alipojua hilo akayachora mawili, yametazamana,
moja limevimba hadi limesahau umbo lake.
Nikauliza: ni udongo niliokula nikiwa mjamzito?
Hina? Zile hasira za mwezi wa saba?
Akasema si ulichokula, si ulichokosa.
Kabla hajazaliwa, chembe zilijenga figo usiku na mchana,
na siku ya kuzaliwa zilitakiwa kuweka chini mwiko na timazi.
Nikaelewa kwa njia yangu:
babake alimwadhinia sikioni,
na chembe chache kule chini hazikusikia.
Zikaendelea kujenga nyumba ndani ya nyumba.

Usiku, wodini, nikayachambua maneno kama ninavyochambua maharagwe.
Moyo tunao, wa kupenda. Maini tunayo, ya kukatwa.
Nyongo ya kutumbukia, utumbo wa kuongea.
Figo hakuna aliyeitungia msemo.
Ilifanya kazi gizani kama mfagiaji wa Marikiti,
na jina lake nililitaja kwa muuza nyama tu.

Wiki nne za dawa kwanza. Chungwa likarudi limau.
Nywele zikabaki kwenye foronya.
Kisha ule mlango wa milango miwili,
na mimi na tasbihi, nikihesabu, nikipotea, nikianza tena.

Siku ya nne, mshono ukimvuta ubavuni, akaniuliza:
"Haragwe langu lingine limekwenda wapi?"
Nikasema madaktari wanalisoma.
"Kwani lina herufi?"
Ana miaka minne.

Bado zipo wiki za dawa. Bado picha za mapafu.
Daktari Mwakio hasemi amepona, husema tunaendelea,
nami nimejifunza kutomvuta neno kinywani.

Lakini leo alfajiri, nyumbani,
nimepitisha mkono chini yake nikakuta shuka limelowa,
chapachapa, mpaka godoro.
Mwaka jana ningemfokea.
Nimekaa pale na kiganja kibichi,
maharagwe yakikauka jikoni, nazi haijakunwa,
nikimwita babake aamke, aje ashike hapa:
moja. Peke yake. Usiku kucha.