Nzuri, Ila

Waliniambia simu itapigwa Jumanne saa nne,
nikae mahali penye mtandao.
Kwetu Vingunguti mtandao unakaa mlangoni,
kwenye kizingiti, karibu na ndoo ya maji ya choo,
kwa hiyo tangu saa tatu Mwanaidi alinivuta na mkeka wangu
kama mtu anayesogeza kabati:
kona moja, kisha kona nyingine.

Ikaita saa sita kasorobo.
— Shikamoo mama.
— Marahaba.
— Naongea na Sikitu Athumani Mpili?
— Ndiye mwenyewe.
— Habari za leo?
— Nzuri.
Hapo nikasikia vidole vyake: ta-ta-ta, ta-ta.

Jamani, nilifunzwa hivyo.
Kwetu mtu hata akiwa na maiti ndani
ukimuuliza habari atakujibu nzuri,
avute pumzi, ndipo aseme: ila.
Ila baba katutoka alfajiri.
Ila nyumba imeingia maji.
Nzuri ni mkeka tu wa kumkaribishia mgeni;
mgonjwa mwenyewe kalala ndani ya ila.

Nami ila yangu ilikwishafika kwenye meno,
kijana akahamia swali la pili.
Unaweza kutembea hatua hamsini bila kusaidiwa?
Hatua hamsini kuelekea wapi, mwanangu?
Chooni ni kumi na nne, alizihesabu Mwanaidi,
hatua zake, maana ndiye mwenye hatua.
— Jibu ndiyo au hapana, mama.
— Hapana.
Unaweza kunyanyua kitu cha kilo moja?
Mikono ninayo. Kiuno ndicho kilichobaki Chang'ombe
chini ya yale makreti ya soda,
mwezi wa Ramadhani, zamu ya usiku.
Nikinyanyua kilo, nani ataninyanyua mimi?
— Ndiyo, ila...
Ta-ta-ta.

Ndege ikapita juu ya bati.
Huku ndege ikipita tunanyamaza wote, hata wanaogombana.
Kijana hakujua, akaendelea kuuliza,
swali zima likaondoka na magurudumu, likatua Kipawa.
— Mama, upo?
— Nipo.
Ta-ta.
Sijui kwenye hiyo nipo aliandika nini.

Unaoga mwenyewe?
Nikamtazama Mwanaidi, miaka kumi na tatu,
sare imefungwa vifungo vyote, shule hakwenda,
mkono wa kushoto umeniwekea simu sikioni
maana yangu miwili ndiyo inayonizuia nisianguke,
wa kulia unafukuza inzi.
Nikaona haya.
— Naogeshwa.
— Na nani?
Mtoto akatazama ndoo.
— Na mtu.

Dakika kumi na moja. Akanishukuru,
sauti imenyooka kama shati lililopigwa pasi.
Simlaumu, naye ana foleni yake ya watu wa nzuri.
— Una la kuongeza?
Lilikuwapo. Miaka sita ya la kuongeza.
Salio lilikuwa lake, si langu,
lakini mdomo ulikwishazoea kubana matumizi.
— Hapana, baba. Asante.

Ujumbe uliingia wiki ya tatu.
Mwanaidi akanisomea pale pale mlangoni,
taratibu, kama anasoma darasani:
Mhusika anapokea simu.
Mhusika anajieleza vizuri.
Mhusika anasema hali yake ni nzuri.
Posho itasitishwa kuanzia mwezi ujao.
Akauliza, mhusika ndiyo nani?

Leo Mama Chausiku kapita na beseni la dagaa.
— Habari za asubuhi, Sikitu?
Nikakaa kimya mpaka akashtuka,
akatua beseni chini.
— Ila, nikamwambia.
Akavua kandambili, akakaa kizingitini.