Kibao Kimoja

Nimelima ngano miaka thelathini na miwili,
ekari kumi na moja, kutoka kisimani hadi relini.
Kwa ngano nimemlipia binti yangu ada,
kwa ngano nimemnunulia baiskeli na miwani,
na ngano ndiyo iliyokuwa ikimmaliza.

Miaka minne tulimwongezea chapati
ili anenepe.

Daktari wa Ludhiana alipoutaja ugonjwa
mke wangu alidhani ametaja dawa.
"Utumbo wake umeikataa ngano," akasema,
"wala haufanyi mzaha. Hata chembe. Hata vumbi."
Nikaitazama mikono yangu.

Leo Ravneet amefaulu mtihani wa uuguzi.
Zawadi anayotaka ni kula hotelini, kama watu,
si wali wa nyumbani ndani ya kopo.
Hotelini: penye feni, na menyu yenye madoa,
na mtu wa kukuuliza, mtakula nini?

Basi tuko hapa, barabara kuu, nje kidogo ya Khanna,
malori yamepanga foleni mpaka kwa muuza matairi.
Kabla ya kuketi nimekung'uta shati mara tatu.
Kikulacho ki nguoni mwako, husemwa;
kimlacho mwanangu ki nguoni mwangu.

Anauliza yeye. Mimi nimekatazwa,
eti hupandisha sauti.
"Kaka, dengu zina mvuje?"
"Dengu bila mvuje, dada, si maji ya kunawa?"
"Mvuje wa kopo?"
Mhudumu anacheka. Nani huulizia kopo?
Lakini ule wa kopo husagwa pamoja na unga wa ngano;
nami nimeula tangu niote meno, sikujua.
Kuku je? Hukaangwa mafuta yaleyale ya sambusa.
"Haya, chapati ya mahindi."
"Mahindi matupu, dada. Haki ya mama."

Na uso wake ni mkweli. Hapo ndipo ninapoogopa.
Hakuna humu anayemtakia mabaya.
Watampikia kwa moyo, watampakulia kwa heshima,
na usiku atajikunja sakafuni mwa bafu
akiuma taulo.

"Kibao ni kimoja."

Ni mvulana wa kuosha vyombo, povu hadi viwikoni.
"Cha ngano na cha mahindi. Na chuma ni kimoja.
Sisi hupangusa tu, kwa kitambaa."
Mhudumu akamtolea macho. Mwenye hoteli, kule kwenye droo,
akaacha kuhesabu noti.
"Nani amekuuliza wewe, Jagtar?"
Mvulana akarudi kwenye karai lake.

Ravneet akasimama, akamfuata.
Nilimwona kupitia dirisha la jikoni:
ameokota sufuria, ameinusa, ameirudisha,
ameokota nyingine. Jagtar anasugua, yeye anasuuza,
mara moja, mara mbili, mara tatu,
kisha mayai sita, na maji, na moto.
Yai limejifunga lenyewe; halina cha kuficha.

Alirudi nayo kwenye sahani ya chuma ingali na maji,
na mapera mawili, na chumvi ya pakiti mpya.
Akaniwekea uma, akajiwekea uma,
akaketi wima kama bibi harusi.

Ndipo ikaja chapati yangu, niliyokuwa nimeisahau,
imevimba, inatiririka samli, unga ukiruka pembeni.
Nilitaka kuirudisha. "Kula, Baba," akasema,
"ila si hapa."

Nikahamia meza ya tatu, karibu na mlango,
nikala ngano, pengine ya shamba langu,
na yeye kule akimenya yai polepole.
Tukazungumza kwa kupiga kelele, juu ya vichwa vya madereva:
mshahara wa kuanzia, hosteli, viatu vyeupe vya kazi.
Madereva walidhani tumegombana.

Mara hii hakuna aliyenikataza kupandisha sauti.