Fisi Maji wa Pamba

Kazi yangu hapa Thurso ni kusema asante.
Nalipwa kwa saa.
Atoaye pauni tatu kwa mwezi hupata bandiko la dirishani,
tano, mkoba wa kitambaa wenye kitwitwi ubavuni,
kumi, kikombe,
na ishirini na tano, fisi maji wa pamba
mwenye macho ya shanga na lebo shingoni:
Umeniokoa.

Siku ya kwanza niliwaambia wenzangu jina lake kwetu.
Fisi? Catriona alicheka hadi miwani ikamwanguka.
Fisi, nikasema, ila wa majini hana neno.
Na wa nchi kavu?
Huyo akitoa, hutazama kitakachorudi.
Hakucheka tena. Tuliendelea kufunga maboksi.

Tunacholinda, niseme kweli, ni tope.
Tope jeusi upeo wa macho, maji ya rangi ya chai iliyolala,
upepo usiojua kubisha hodi.
Hakuna simba wa kupigwa picha.
Limekaa hapo likimeza moshi wa dunia
tangu kabla ya kanisa la kwanza,
wala halijamwandikia mtu barua.
Basi huliandikia mimi.

Wapo wanaotoa kupitia benki, kila tarehe mosi, kimya kama kodi ya nyumba.
Wapo wa Desemba, wakishashiba.
Mmoja alituletea gari bovu, tukaliuza chuma chakavu,
akapiga simu mara tatu kuuliza limeziba mifereji mingapi.
Maharusi wa Castletown walikataa sahani na mashuka,
wakaomba wageni wao walipe magogo ya kuzuia maji.
Struan, miaka saba, alileta sarafu ndani ya soksi,
soksi bado ina joto la mguu.
Na wapo wanaotoa wakishakufa:
karatasi nene, muhuri, wakili wa Wick.
Hao hatuwapelekei kikombe.

Mama, simuni kutoka Tanga:
Tenda wema nenda zako. Hao mbona hawaendi zao?
Kumbe huko wema una risiti!
Una risiti, mama, na fomu. Ukitia alama kwenye kisanduku,
serikali huongeza robo juu yake.
Serikali huongeza?
Aliyarudia maneno hayo polepole,
kama mtu aliyeambiwa kuku kaota meno.

Kisha kuna Bi Isbel Swanson wa Reay.
Kila Machi mkoba wake hurudi kwa posta,
umepigwa pasi, umekunjwa mara nne.
Mikono ninayo miwili, aliandika, mikoba sasa saba.
Stempu yenu ingenunua msumari.
Nilikasirika. Shukrani ya punda, nikasema,
maana kwetu kumrudishia mtu zawadi ni kumtukana
mbele ya watoto wake.
Niliurusha mkoba kwenye kapu. Ukatoa sauti ya karatasi.
Ndani, noti ya pauni kumi.
Mwaka uliotangulia pia, Catriona akasema, na kabla ya huo.
Hukujua? Huwa tunatikisa.

Nilikaa juu ya boksi la vikombe.
Sahani ya jirani hairudi tupu:
nani alimfundisha hayo, huko Reay,
bibi asiyewahi kuonja futari ya mtu?

Mimi nami hukatwa pauni tatu kwenye mshahara.
Nilijifungia bandiko langu, nikajiandikia asante,
nikaona haya, nikalirudisha kwenye rundo.

Mwaka huu sikumpelekea mkoba.
Jumapili nilivaa buti za Catriona, zinazonipwaya,
nikatembea juu ya mbao hadi kigingi cha kumi na nne,
nikapiga goti nikasoma namba,
buti moja ikabaki topeni, nikaivuta kwa mikono miwili.
Nikamwandikia kwa kalamu ya risasi:
Bi Isbel, maji yamepanda inchi mbili.
Sikutia sahihi ya shirika.

Machi imepita, na nusu ya Aprili.
Tarishi huingia, huweka bili, hutoka.
Karatasi ile hajairudisha.