Kipimo cha Goti

Barke, boriti ya mkoko haijui ndoto ya mtu.
Hukoma inapokoma, dhiraa sita hivi,
na chumba kikawa chembamba kwa ajili yake.
Katika upana huo tulilala sote,
kichwa ukutani, miguu ukutani,
nawe ukiapa: nikikua
nitajenga ukumbi usio na upande wa pili.

Ukajenga. Hamburg, mwaka wa tisa wa kazi,
paa la kituo cha treni, mita sitini bila nguzo.
Picha ilipofika mama aliishika mbali na macho,
akauliza, "Mvua ikinyesha, maji hupita wapi?"
Nikakupigia. Ukacheka, kisha ukanyamaza:
hilo ndilo lililokunyima usingizi miezi minne.

Huku tulihesabu miaka kwa majengo yako.
Mwaka wa maktaba tulimzika baba.
Mwaka wa hospitali ya watoto niliposa, nikakataliwa.
Mwaka wa ghorofa lile la vioo
hukuja; ulisema zege halingoji.
Jina lililochongwa mlangoni ni la ofisi.
Katika hayo yote, nikakuuliza, unakaa lipi?
"Nimepanga. Ghorofa ya tatu. Lifti mbovu."

Mwaka juzi ukaja na kipimo cha mwanga mwekundu.
Ukapita nacho msanani, ndani, hadi chooni.
Tisini na tatu. Themanini na saba.
Hakuna pembe mraba nyumba nzima,
na ukuta wa nyuma umetoa tumbo kama mja mzito.
Nikaona haya, mimi fundi, mwana wa fundi.
Ukakizima, ukapitisha kiganja juu ya zidaka:
"Mimi wangenifukuza kazi.
Na hii imesimama tangu babu wa babu."

Asubuhi ukamketisha mama kitandani,
ukachukua uzi wangu wa kujengea,
ukampima kutoka kisigino hadi goti,
ukapiga fundo.
Tukaivunja baraza ya daka, ile iliyomtesa,
tukaijenga upya kwa urefu wa mfupa wake:
mimi matumbawe na chokaa, wewe kuchota maji,
msanifu mzima, kope nyeupe kwa vumbi,
ukinibishia juu ya unene wa kidole kimoja
hadi majirani wakatoka milangoni.

Mama aliikalia miezi kumi na mmoja.

Sasa wapita njia wa Mkomani wananung'unika:
baraza gani hii, magoti yanagonga kidevu!
Siwajibu. Inawaenea watoto wa chuo,
wanne wanne, vidole vyekundu kwa achari.
Juzi walikuja watu na daftari, wanaorodhesha nyumba kongwe.
"Hii nani aliichora?"
Kabla sijafungua mdomo mmoja akaandika: haijulikani.
Nilitaka kusema. Nikaona utacheka.

Mwakani ukistaafu, ndoo. Usilete ramani.
Uzi uko kidaka cha pili, kushoto.
Fundo sijalifungua.