Dakika Nne

Dakika nne. Gintautas alizihesabu kwa saa ya marehemu baba:
dakika nne za moto kamili, kisha injini hulegea;
haikohoi, hailipuki, inazama tu
kama mtu anayesinzia katikati ya maongezi.
Jumamosi ilimshusha kwenye kanola ya jirani,
maua ya manjano hadi kwapani mwa bawa,
na Bi Stefanija akaja na daftari kukadiria hasara.

Mimi si rubani. Miaka thelathini na mmoja
nilitengeneza mashine za kukamulia ng'ombe,
kutoka Biržai hadi mpakani mwa Latvia,
nami naijua pampu kwa mlio wake
kama wengine wajuavyo sauti za wadeni wao.
"Kindege chako kinanyonya au hakinyonyi," nikamwambia kaka yangu.
"Hilo ndilo swali. Mengine mapambo."

Tukaanza tangini.
Petroli tuliimimina kwenye chupa ya matango,
ikalala dirishani usiku kucha:
asubuhi, hata tone la maji halikukaa chini.
Tundu la kupumulia nililipuliza kwa mdomo,
hewa ikapita bila ubishi,
ladha ikabaki ulimini hadi chakula cha mchana.
Chujio: unyasi mmoja mwembamba, usio na hatia.
Bakuli za kabureta, maboya, sindano, vyote sawa.
Plagi alizibadili kwa ukaidi tu,
kwa kuwa alikwisha kuzinunua.

Siku ya tatu tukakifunga kindege kwa kamba kwenye trekta,
tukawasha, tukaacha kingurume.
Dakika ya nne ikaja na ulegevu wake.
Nikaminya puto la mkono kwenye njia ya mafuta,
mara moja, mara mbili,
injini ikainua kichwa.
Nikaacha: ikazama. Nikaminya: ikainuka.
Basi cheche haina kosa. Inakufa kwa kiu
na tangi limejaa.

Pampu mpya ilikuja kwa posta, euro arobaini na mbili.
Dakika nne.
Gintautas akarusha spana; korongo juu ya nguzo
wakagonga midomo kama wanaocheka kwa adabu.

Nilikaa juu ya ndoo nikatazama.
Pampu ile haina waya wala mota;
inaishi kwa mapigo ya tumbo la injini,
pumzi ndani, pumzi nje, kupitia mpira mmoja mfupi.
Ndugu wa damu wa mashine yangu ya vikombe vinne!
Nikaushika mpira ule kwa vidole viwili.
Ulipokuwa baridi ulikuwa mkakamavu, wa kuaminika.
Joto lilipopanda ukaanza kuvimba na kunywea
kama koo la chura.
Kila pigo lililotoka kwenye injini ulilimeza njiani,
pampu ikabaki na makombo.

Mwangavu, laini, mstari wa bluu ubavuni.
Mstari ule niliujua.
Mpira wa maziwa. Wangu.
Niliukata mwenyewe Februari,
kwenye bunda lililobaki siku niliyostaafu,
nikampa bure, nikajisifu: huu haupasuki.
Na kweli, haukupasuka.

Kikulacho ki nguoni mwako, husemwa;
hakuna anayeuliza nguo nayo inajisikiaje.

Ningeweza kunyamaza. Kisu kilikuwa mfukoni,
angedhani mpira umezeeka tu.
Nikasema.
Alinitazama, akautazama mpira,
akatazama upande wa kanola iliyolala.
"Ng'ombe," akasema mwishowe, "hawachemki hivi."

Tukakata mwingine, mweusi, mnene wa ukuta,
mfupi kama kidole cha kati, tukaubana kwa klipu mbili.
Dakika nne. Tano. Ya tisa nikaacha kuhesabu;
yeye hakuacha.
Ya ishirini, Bi Stefanija akapita na baiskeli,
akapaza sauti juu ya ngurumo:
nani atalipa kanola yangu?
Nikainua mkono uliojaa grisi,
kama mwanafunzi ajuaye jibu.