Kesi ya Keki

Keki ilipotoweka, kwenye friji ofisini,
Bosi shati likatoka, kwa hasira mkandani,
Mlinzi wakamshika, Mzee Pazi getini,
Nikasema, "Subirini!" Mie mama wa watatu.

Huamka saa kumi, chupa za uji najaza,
Buguruni hatuhami, foleni ndani ya giza,
Aliyekula hasemi, tumbo lake humuuza,
Sipendi kesi kulaza, mie mama wa watatu.

Nimezoea kupima, midomo iliyofutwa,
Mwizi huanza kuhema, jina lake likiitwa,
Anayedai ni homa, ndiye anayetafutwa,
Hapo siwezi kupitwa, mie mama wa watatu.

Nikazunguka na chai, kila meza polepole,
Sihoji mtu, sidai, natazama tu vidole,
Ndipo nikaona tai ya Mbilinyi, krimu tele!
Nikanong'ona, "Ni yule," mie mama wa watatu.

"Hii ni dawa ya meno," akasema mkaguzi,
Nikaonja, bila neno, mbele ya wafanyakazi:
Vanila! Nayo maneno yakamkauka mwizi,
Madoa nayamaizi, mie mama wa watatu.

Bosi akaleta soda, kumwomba Mzee radhi,
Pazi akanywa kwa muda, mguu juu, kwa hadhi,
Nikarudi kwenye ada, hesabu zenye maradhi,
Si polisi wala kadhi, mie mama wa watatu.

Usiku, huko Tabata, kopo la asali kavu!
Watoto nikawaita, nyuso zina utulivu,
Nikanusa, nikafuta, nikachoka hadi mbavu,
Hapo nikakosa nguvu, mie mama wa watatu.